Toliman, Jirani wa Kusini

Wadogo zangu, mtaani kwetu Rahaleo neno "nyota" mara nyingi ni neno la bahati. Fulani nyota yake imefifia, fulani kaenda kusafishiwa nyota na pesa zimemtoka. Leo nataka niwaonyesheni nyota isiyo na habari na bahati ya mtu yeyote, lakini uzito wake, joto lake na umbali wake vimepimwa.

Mwezi wa Julai, baada ya sala ya Isha, simameni mahali pasipo na taa. Hapa Mtwara kibla yetu ni karibu kaskazini kamili, basi ipeni kibla mgongo mtazame upande wa Ruvuma na Msumbiji. Mtaona nyota mbili kali zimekaa jirani. Ile ya kushoto, yenye umanjano kidogo, ni ya tatu kwa kung'aa usiku baada ya Shi'ra na Suheli.

Kwa macho ni moja. Mwaka 1689 padri Mfaransa, Jean Richaud, aliitazama kwa darubini akiwa Pondicherry, India, akakuta ni mbili. Kubwa inafanana sana na Jua letu. Mimi naipenda ile ndogo, ambayo wanafalaki wanaiweka katika kundi la vibete vya rangi ya chungwa. Neno kibete lisiwapotoshe: uzito wake ni kama asilimia 91 ya uzito wa Jua, na upana wake asilimia 86. Ila mwanga wake ni nusu tu ya mwanga wa Jua.

Rangi yake inatokana na joto. Chuma cha mhunzi huanza kwa wekundu, kikizidi moto huwa cha chungwa, kisha manjano, kisha cheupe. Uso wa nyota hii una nyuzi kama 5,000 za Selsiasi, wa Jua 5,500. Na mnajua wenyewe, karabai ya mvuvi wa dagaa hung'aa sana na hunywa mafuta sana, lakini kibatari hukesha. Nyota hii nayo inatumia hidrojeni yake taratibu, kwa hiyo itaishi kuliko Jua.

Umbali wake ulipimwa kutoka bara letu hili. Thomas Henderson alichukua vipimo Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1832 na 1833, lakini akasita kuvitangaza hadi 1839, na Bessel wa Ujerumani akamtangulia kwa nyota nyingine. Leo tunajua ni miaka ya mwanga 4.37. Mwanga ulioondoka huko siku mtoto anaanza darasa la kwanza, unamfikia akiwa darasa la tano. Na huyo ni jirani!

Mwaka 2018 umoja wa kimataifa wa wanafalaki uliipa rasmi jina Toliman. Ni Kiarabu kilichopinda midomoni mwa Wazungu: asili yake ni adh-dhulman, yaani mbuni, wale ndege. Umoja wake ni dhaliim, mbuni dume, ambapo ya iko baada ya lam. Msimchanganye na dhalimu, ambaye alifu yake iko baada ya dha.

Mwaka 2012 ilitangazwa kuwa Toliman ina sayari yenye ukubwa wa karibu na Dunia, na magazeti yakashangilia. Mwaka 2015 watafiti wengine wakavipitia vipimo vilevile, wakaonyesha kuwa sayari hiyo haikuwapo. Ilizaliwa na mpangilio wa siku za kupima. Mimi habari hii ya pili ndiyo iliyonifurahisha zaidi, kwani waliokagua hawakuogopa kuharibu sherehe.

Nyota hizi mbili huzungukana kwa karibu miaka 80. Zikiwa mbali, kati yao kuna mara 36 ya umbali wa Dunia na Jua. Zikiwa karibu, mara 11. Zilikaribiana mwaka 1955, Tanganyika bado haijapata uhuru, na zitakaribiana tena mwaka 2035.