Siku Saba Juu ya Mfereji



Wasomaji wapenzi, tangu niliporejea Mombasa kutoka Uingereza, kina mama wa darsa yetu wameniuliza mara nyingi juu ya ile safari ya mashua. Wengine walisikia kwamba tulilala majini siku saba, wengine kwamba tulipita na mashua juu ya daraja. Yote mawili ni kweli. Nimeona bora niyaandike, kwa kuwa jambo lililokuwa vifuani mwetu wakati wa safari hiyo linazikabili familia nyingi za Pwani zenye watoto ughaibuni.

Baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alifariki mwaka juzi. Mama alipokwisha kukaa eda, mdogo wangu wa kike anayeishi Leicester alimwomba ahamie kwake. Mimi ninayekaa na Mama nilitaka abaki. Kwa muda wa mwaka mzima kila mmoja wetu alizungumza na Mama peke yake, na sisi wawili tukizungumza hatukuligusa jambo hilo. Mwezi wa Julai nilimsindikiza Mama kwenda kuwazuru. Shemeji yangu, mtu mpole asiyependa mabishano, akakodi mashua ya mfereji ili tupumzike pamoja mashambani. Tulikuwa watu wazima wanne na watoto watatu. Mimi nilichukua mfuko wangu wa sindano za kufumia na kijiti changu cha kusokotea, kwani ufumaji wa kofia na soksi za watoto wachanga ndio riziki yangu, na usokotaji niliufundishwa na kina mama wa Nakuru tulipokuwa tukiishi huko kwa kazi ya mume wangu.

Kwanza niieleze mifereji yenyewe. Waingereza waliichimba zamani, kabla ya reli, ili kusafirisha makaa ya mawe, chokaa, nafaka na pamba. Mfereji wa Bridgewater, uliofikisha makaa ya mawe Manchester, ulifunguliwa mwaka 1761, na baada yake mingine mingi ikafuata. Mashua zilivutwa na farasi aliyetembea kando kwa kamba, na njia yake ya miguu ipo hadi leo. Familia nzima ya mwenye mashua iliishi katika chumba kidogo cha tezini. Mama alipika, alilea, alishika usukani, na alipopata nafasi alifuma vitambaa vya kupambia kuta. Reli na malori viliiua biashara hiyo, na sasa mifereji imebaki kwa watalii na kwa wachache wanaoishi majini.

Mashua yetu ilikuwa na urefu wa mita kumi na nane, lakini upana wake haukuzidi mita mbili na kidogo, kwa sababu malango ya maji yalijengwa kwa kipimo hicho. Ndani ni kama ujia mmoja: vitanda, jiko, choo, meza, kila kitu kwa mstari. Mtu akitaka kupita, mwenziwe lazima ajibanze ukutani. Mwendo unaoruhusiwa hauzidi kilomita sita kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Mama, mzaliwa wa Lamu, aliitazama kutoka omo mpaka tezi, akaona upondo umelazwa juu ya paa, akasema, "Haya, hii naijua." Siku ya pili tulipokwama kwenye tope, ni yeye aliyemwelekeza shemeji yangu namna ya kuuegemea ule upondo.

Tulianzia karibu na kijiji cha Wrenbury, tukaelekea magharibi hadi Llangollen, nchini Wales. Njia inapanda, na mashua haipandi kilima ila kwa malango ya maji. Mashua huingia katika chumba cha mawe, lango la nyuma hufungwa, kisha vilango vidogo hufunguliwa kwa mpini wa chuma unaozungushwa kwa mkono. Maji ya juu huingia taratibu na kuinyanyua mashua mpaka isawazike na mfereji wa mbele. Hakuna pampu wala mtambo. Mahali paitwapo Grindley Brook pana malango sita, matatu kati yake yakiwa yameshikana kama ngazi. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mmoja hushika usukani, wengine husukuma lango kwa migongo yao, na lazima wasubiriane. Mpwa wangu wa kiume, ambaye nyumbani hakuonekana bila simu mkononi, alikuwa wa kwanza kuruka ukingoni na ule mpini kila tulipokaribia lango.

Wengi mmeniuliza tulisali vipi. Kwetu Mombasa kibla iko kaskazini, hata wazee wetu waliutumia neno kibla kwa maana ya kaskazini yenyewe. Huko Uingereza kibla iko kati ya mashariki na kusini. Kwa kuwa mfereji unajipinda kama nyoka, mashua iliyoelekea kibla saa hii baada ya dakika chache huwa imekipa mgongo. Kwa hiyo kila wakati wa swala tulifunga mashua ukingoni na kutandika mikeka majanini, tukifupisha na kukusanya kama wasafiri. Jua la Julai huko huchwa karibu saa tatu na nusu usiku, hivyo jioni zilikuwa ndefu mno. Maji ya udhu yalitoka katika tangi la mashua, nasi tulilijaza kwenye mabomba yaliyowekwa njiani. Nyama ya halali tulibeba kutoka Leicester. Sehemu nyingi za kufungia mashua zipo mbele ya vilabu vya pombe. Tuliziacha, tukafunga mbele kidogo penye ng'ombe na kondoo.

Na kondoo ndio walionipa furaha yangu. Kondoo wetu wa Pwani na wale wekundu wa Wamasai wana nywele tu. Sufu ya kusokota tunaipata bara, kwa kondoo waliotoka ng'ambo. Kule Wales kila kilima kina kondoo wa sufu, na miiba ya kando ya njia imenasa vishungi vyeupe. Wanawake maskini wa Wales walikuwa wakisafiri kwa miguu wakati wa kiangazi kuiokota sufu hiyo, kisha wakaisokota na kufuma soksi. Mji wa Bala ulisifika kwa soksi hizo. Jioni za baridi majirani walikusanyika katika nyumba moja ili kubana matumizi ya moto na taa, wakafuma huku wakisimuliana visa. Nilipomweleza Mama, alisema kina mama wa Lamu nao walikaa hivyo hivyo wakishona kofia.

Asubuhi, kabla watoto hawajaamka, nilitembea ile njia ya farasi nikiokota vishungi. Nilivifua kwa maji ya moto bila kuvisugua, maana sufu ikisuguliwa ndani ya moto hugandamana ikawa kama mkeka na haisokoteki tena. Nilivianika juu ya paa la mashua. Kisha nilisimama tezini nikazungusha kijiti, nacho kikashuka taratibu huku uzi ukirefuka. Mpwa wangu mkubwa, msichana wa miaka kumi na mitano, aliniuliza kwa Kiingereza kama hii ni kazi ya Wazungu. Nikamwambia kwamba katika magofu ya Shanga, kisiwani Pate, na kule Kilwa, wachimbuzi walikuta vigurudumu vya udongo vya kusokotea pamba vilivyotumiwa na mabibi zake, na kwamba Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta nguo za huko zikipelekwa mpaka Misri. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa Kiswahili, "Khala, nifundishe."

Uzi mmoja uliosokotwa peke yake hujikunja na kufumuka. Husokotwa kulia, kisha nyuzi mbili huunganishwa kwa kusokotwa kushoto, na hapo kila mmoja humzuia mwenziwe asifumuke. Katika Sura ya An-Nahl, aya ya 80, Mola wetu anatutajia sufu miongoni mwa neema zake, pamoja na majumba ya kukaa na mahema mepesi ya siku za safari. Na katika aya ya 92 ya sura hiyo hiyo anatuonya tusiwe kama mwanamke aliyeukata vipande uzi wake baada ya kuusokota ukawa imara. Msokotaji anaijua tabu iliyomo katika mfano huo. Na wafasiri wanatueleza kwamba mfano wenyewe ni wa watu wanaovunja ahadi zao.

Siku ya nne tulivuka Pontcysyllte. Hilo ni daraja linalobeba maji badala ya barabara: birika refu la chuma, mita 307, juu ya nguzo za mawe, na mto Dee unapita chini yake umbali wa mita 38 hivi. Lilijengwa na wahandisi Thomas Telford na William Jessop, likafunguliwa mwaka 1805, na tangu mwaka 2009 limo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Upande mmoja pana njia ya miguu na kingo. Upande wa pili hapana kitu. Ukitoa kichwa dirishani unaona hewa tupu na vilele vya miti. Mdogo wangu alifumba macho. Mama alikaa omo, tasbihi mkononi, akitazama chini mpaka tulipofika ng'ambo.

Jioni hiyo tulifunga mashua karibu na Llangollen. Mvua ilianza kunyesha, tukawa wote ndani, magoti yakigusana. Mimi nilikuwa nimeshika uzi, Mama akiukunja kuwa donge. Hapo akasema, bila kuinua macho, "Wanangu, mwaka mzima mmenijia mmoja mmoja. Leo mpo nyote, na hapa hapana pa kukimbilia. Hamjaniuliza mimi nataka nini."

Alisema kwamba atarudi Mombasa. Aliushukuru wema wa Leicester, misikiti yake na majirani zake. "Lakini huko siwezi kutoka mlangoni wakati wa baridi bila kushikwa mkono. Kwangu natoka mwenyewe. Kaburi la baba yenu liko kule. Na siku yangu ikifika, nataka nikoshwe na watu wanaonijua."

Mdogo wangu alilia. "Na mimi nikikutamani, Mama, niende kwa nani?"

"Utakuja," Mama akamjibu. "Nami nitakuja, maadamu nina miguu. Lakini usinihamishe."

Kisha akanigeukia mimi, akasema kwamba kubaki kwake si ushindi wa mtu. Alitaka mambo mawili. La kwanza, kazi ya kumtunza isiniangukie peke yangu: mdogo wangu alipe mshahara wa msaidizi wa nyumbani, na apewe habari za matibabu kabla ya uamuzi kufanywa, si baadaye. La pili, yule msichana mkubwa aje Mombasa likizo ya Desemba, akae na nyanya yake, lugha isimpotee. Shemeji yangu aliyaandika yote kwenye karatasi, tukayasoma, tukasema inshaallah. Mdogo wangu hakuridhika usiku ule, na sidhani kuwa ameridhika mpaka leo. Lakini mwisho wa kila mwezi anatimiza ahadi yake, nami kila tukitoka hospitali humpigia simu yeye kwanza. Tunapokaribia kugombana, mmoja wetu humkumbusha mwenziwe juu ya mwanamke wa uzi.

Dada zangu, si lazima mwende Uingereza. Tunayo mikono ya bahari ya Tudor na Mida, na Lamu na visiwa vyake. Kodini mashua kwa siku moja, wavisheni watoto jaketi za kuokolea, bebeni chakula na mikeka, na simu ziwekwe mfukoni. Jambo kubwa zaidi ni hili: kama mna mzazi ambaye watoto wake wako mbalimbali, mkutanisheni nao mahali pamoja, akiwa bado na afya na kauli yake, na mumwulize yeye mwenyewe. Wengi huulizana wao kwa wao mpaka mzee akafika kwenye kitanda cha hospitali, na hapo kila mmoja akasimamia alichodhani mzee anakitaka. Mkishakubaliana, andikeni, na muwe na shahidi.

Ile sufu ya miibani ilitosha kofia moja. Mama huivaa alfajiri wakati wa kusi, ndani ya mtandio wake, ijapokuwa inamwasha kidogo.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu waliotangulia, awape afya waliobaki, na atujaalie kutimiza ahadi zetu kwao. Amin.