Maji ya Tango

Tango la kununuliwa hulegea kabla ya adhuhuri. La uani mwa nyumba moja ya maweni, mashariki ya Unguja, lilikuwa likivunjika kwa mlio, na majirani wakimsifu mwenye nyumba, bibi wa makamo, kuwa ana mkono wa kupandia. Naye aliipokea sifa hiyo kama mtu apokeavyo jambo asilolichunguza.

Ardhi ya huko si ya kujivunia: jiwe la matumbawe, na juu yake udongo haba. Kisima kina chumvi. Maji matamu huja kwa madumu, na hutumiwa kwa hesabu. Bibi alijaza shimo samadi iliyooza, akafukia mbegu kina cha ncha ya kidole, akasimika miti ya kutambalia ili matango yaning'inie. Maua dume hutangulia. Majike hufuata, kila moja na kitango chake nyuma. Baada ya siku 50 au 60 huchumwa, asubuhi, yangali membamba. Atakayengoja yanenepe na kupiga manjano atakula mbegu.

Mwaka mmoja, kusi likivuma, matango yakawa machungu. Akafanya alivyofunzwa na wakubwa: akakata kichwa, akasugua hata povu likatoka. Povu hilo hupendeza macho, wala haliondoi uchungu. Afadhali kutupa kipande kikubwa cha upande wa kikonyo na kumenya ganda, maana uchungu hukusanyika huko. Akabadili mbegu. Akaongeza samadi. Nyama ikazidi kuwa kavu, kama sponji.

Mwaka ule ule kiharusi kilimlaza mumewe. Tangu magoti yalipomzuia kwenda msikitini, mzee huyo alikuwa akitawadha juu ya jiwe la uani; sasa akawa anatayamamu kitandani. Siku alipopata nafuu kidogo aliomba apelekwe jiweni. Bibi akammiminia birika, mikono, uso, hata miguu, na maji yakateremka kwenye mwanya wa jiwe, yakaingia katika tuta lililopasuka nyufa. Udongo ukayanywa mara moja. Bibi akabaki amesimama, birika mkononi.

Tango ni maji, sehemu 95 katika 100, na mizizi yake haizami mbali kuyatafuta. Ndoo nzima ya Ijumaa haifidii kiu ya Jumatano. Mmea ukiteswa na ukame, uchungu uliomo daima katika majani na mashina huingia katika tunda. Yeye alikuwa akimwagilia mara mbili kwa juma, akidhani yatosha. Kumbe aliyekuwa akiyalea matango ni mwingine, kidogo kidogo, mara tano kwa siku, bila ya mmoja wao kujua.

Sasa humwaga kata moja kila inapoadhiniwa. Tuta limelainika, na matango mapya hayana uchungu. Humkatia mzee vipande vyembamba, kwani hutafuna kwa upande mmoja tu, kisha hukaa karibu naye kusikiliza.