Jengo la Kona ya Gediminas

Mvua ya kiangazi mjini Vilnius haina haraka. Hunyesha rasharasha, jua likachungulia, ikaanza tena, na wenyeji wala hawaharakishi mwendo. Niliteremka kutoka mji mkongwe nikiteleza juu ya mawe yaliyotandikwa barabarani, nikapita uwanja wa kanisa kuu, ambalo mnara wake wa kengele umesimama kando peke yake, nikashika barabara ya Gediminas. Harufu ya mkate mweusi ilinivuta dukani. Nikanunua kibinai, mithili ya sambusa iliyookwa, ndani nyama ya kondoo na kitunguu, chakula cha Wakaraimu walioletwa huku kutoka Krimea tangu karne ya 14. Mchuzi ulinichuruzika hadi kiwiko.

Bibi mmoja mwenye mwavuli, nilipomwuliza yaliko makumbusho ya gereza la zamani, aligeuza safari yake akanisindikiza hadi mlangoni. Hatukuwa na lugha moja, lakini tulizungumza njia nzima.

Usingedhani kuwa hapa palikuwa gereza. Ni jumba la fahari, lililokamilika mwaka 1899 kuwa mahakama. Gestapo walilitumia, kisha polisi wa siri wa Kisovieti, KGB, wakakaa humo hadi mwaka 1991. Ukutani nje, kwenye mawe ya msingi, yamechongwa majina ya waliouawa. Wapita njia wanayapita wakila aiskrimu, nami naona ni sawa kabisa. Jengo kama hili likifichwa nje ya mji, nani angelifuata?

Mama wa tiketi alinionyesha ngazi za kushukia chini akanihimiza nivae koti, maana huko ni baridi. Alisema kweli. Kwanza kuna vyumba vidogo vya kumweka mahabusu mgeni, hata kuketi vizuri huwezi. Kuna chumba chenye kuta za matandiko, kilio kisisikike. Kilichonikamata miguu ni kile cha maji: sakafu ilijazwa maji baridi, na katikati kuna kisahani cha kusimamia, kipana kuliko nyayo zangu kwa kidogo tu. Usingizi ukikushinda, unatumbukia. Mbele zaidi ni chumba cha kuulia watu kwa risasi. Zaidi ya wafungwa 1,000 waliuawa humo kuanzia mwaka 1944 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sasa unatembea juu ya sakafu ya kioo.

Nilipotoka, uwanja wa Lukiškės ng'ambo ya barabara ulijaa watoto. Sanamu ya Lenin iliyokuwa hapo iliondolewa Agosti 1991.

Njaa ikanirudia. Niliagiza šaltibarščiai, supu baridi ya kiazisukari chekundu na maziwa ya mgando, ya waridi kiasi cha kukutia shaka, yenye tango na shibiti, viazi vya moto vikiletwa kando. Kijana wa mgahawa aliona nasitasita, akaniambia nichote vyote viwili pamoja. Baridi na moto mdomoni! Akaja tena na glasi ya gira, kinywaji cha mkate uliochachushwa, akakataa kuiandika kwenye bili. Nikaongeza viazi.