Voi: Mji Ulioletwa na Reli

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi, awe ndani ya gari la moshi au katika basi, huvuka kwanza nyika kavu ya Taru, na baada ya kilomita 150 hivi huona milima ikiinuka upande wake wa kushoto. Hapo, chini ya mlima wa Sagalla, ndipo ulipo mji wa Voi. Wengi hushuka wakanywa chai, wakanunua matunda, wakaendelea na safari yao. Wageni wa ng'ambo hupita kwenda kutazama ndovu wa Tsavo. Ni wachache wanaojiuliza watu wa mji huu wanalala wapi, na nani aliyelipia barabara na maji yao. Yafaa basi tukae Voi kwa muda kidogo, maana habari zake ni habari za miji midogo mingi ya Kenya.

Voi ni mtoto wa reli. Mwaka 1898 njia ya reli ilikuwa imekwisha kupita hapa na kufika mto wa Tsavo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza jeshi lilijenga tawi la reli kutoka Voi kuelekea Taveta, na tangu hapo mji ukawa njia panda. Mashamba ya mkonge nayo yalileta vibarua. Mwaka 2017 reli mpya ilifunguliwa, nayo ina stesheni yake Voi. Kila jambo katika hayo lilivuta watu, na watu walipofika walitaka mahali pa kulala. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa Voi ina wakazi zaidi ya 50,000.

Sasa, mtu aweza kujenga chumba cha udongo na mabati kwa siku chache. Lakini bomba la maji, barabara yenye mitaro, taa na njia ya maji machafu havijengwi na mtu mmoja, wala haviwezi kungoja mwaka mzuri wa mavuno. Hivyo ni kazi ya mji mzima, na gharama yake hutangulia faida yake. Nyumba zikitangulia na bomba likachelewa, wakazi hununua maji kwa mtungi kutoka kwa wenye mikokoteni, na mara nyingi maskini hulipa bei kubwa kuliko tajiri aliye na mfereji nyumbani.

Jambo hili huonekana wazi zaidi Voi kwa sababu maji mengi hupita karibu. Bomba kubwa litokalo chemchemi za Mzima kwenda Mombasa, lililomalizika mwaka 1957, lina urefu wa kilomita 220 hivi, na Voi hupata sehemu ya maji yake humo. Kwa miaka mingi watu wa Taita wamelalamika kwamba maji ya kwao yanawapita yakienda pwani. Hata hivyo, kupata maji kutoka bomba kuu ni nusu tu ya safari. Hapana budi kuweko matangi, na mabomba madogo ya kuyafikisha mitaani, na mtu wa kuyatengeneza yapasukapo. Mji usio na fedha hushindwa katika nusu hii ya pili.

Twende sasa hadi mtaa uitwao Tanzania-Bondeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 maelfu ya watu waliishi hapo bila hati, na sehemu ya ardhi ile ilikuwa mali ya Shirika la Reli. Aliyejenga leo hakujua kama kesho ataambiwa avunje. Ndipo Serikali, pamoja na halmashauri ya mji na shirika la misaada la Ujerumani, GTZ, walipoanza mpango wa kuutengeneza mtaa, chini ya Mradi wa Maendeleo ya Miji Midogo. Wakazi waliitwa kuchagua namna ya kumiliki ardhi yao.

Walichagua njia isiyozoeleka. Ardhi iwe ya jumuiya yote pamoja, na kila mtu awe na nyumba yake juu yake. Mtu akitaka kuhama aweza kuuza nyumba, lakini kiwanja hakiuzwi. Sababu yake ilikuwa dhahiri. Katika miji mingine, mitaa ya maskini ilipopata barabara na maji, bei ya viwanja ilipanda, wenye fedha wakanunua, na wale waliokusudiwa kusaidiwa wakaenda kujenga vibanda mahali pengine. Mpango wa Voi ulikwenda polepole, kwa kuwa sheria za Kenya hazikuwa na jina la umiliki wa namna hiyo, ikabidi kuunganisha chama na wadhamini chini ya sheria mbili mbalimbali. Tena wako waliouliza: mtu asiye na hati yake mwenyewe ataweka nini benki ili akopeshwe? Swali hilo lina uzito, lakini watu wa Bondeni waliona kwamba kubaki ni bora kuliko kukopa.

Habari hii yatufundisha kwamba hati na bomba ni ndugu. Mji hupata fedha zake za kudumu kwa kodi ya viwanja. Kiwanja kisichopimwa hakimo katika daftari ya kodi. Kisipokuwamo, hakilipi, na mtaa usiolipa huambiwa hakuna fedha za kuuletea barabara. Hivyo umaskini huzunguka kama ng'ombe wa kinu cha mafuta.

Wala miji haikujiletea shida hii peke yake. Mwaka 1970 halmashauri za wilaya ziliondolewa kazi za elimu, afya na barabara, na katika miaka iliyofuata kodi ya kichwa iliyozilisha ikafutwa. Kuanzia mwaka 1999 Serikali ilizigawia halmashauri sehemu tano kwa mia ya kodi ya mapato. Mwaka 2013 halmashauri zilikwisha, kaunti zikachukua mahali pake, nazo hupewa fungu la fedha za taifa. Mwaka 2024 ilipitishwa sheria mpya ya kodi ya viwanja, na nyingine ya nyumba za bei nafuu, inayokata sehemu moja na nusu kwa mia ya mshahara. Fedha hizo zaruhusiwa kutumiwa pia kwa barabara na maji yanayoambatana na nyumba.

Hilo ni jambo jema, lakini fungu litokalo Nairobi lafanana na mvua: huja, tena hukawia. Kodi ya viwanja ni kisima. Mwenye kisima hukichimba mapema, akakilinda, akajua kina chake. Kwa hiyo miji kama Voi na ianze kwa kupima ardhi, iache nafasi ya barabara na mabomba kabla nyumba hazijasongamana, itoze kodi ndogo kwa haki, na iwaonyeshe walipaji kazi iliyofanywa kwa fedha zao. Mwananchi akiuona mfereji mtaani kwake, hulipa bila kusukumwa. Akiona risiti tu, hufunga mlango.

Maji hufuata mkondo, na mkondo huchimbwa kabla ya mvua.