NYANI HAONI KUNDULE

Wahenga hawakukosea waliposema kuwa nyani haoni kundule. Msomaji mpenzi, methali hii nilikuwa nikiitumia kuwacheka wenzangu tu, mpaka siku moja ya mwezi wa Juni mwaka 2025 iliponirudia mwenyewe, tena mbele ya watu.

Nilikuwa Kidato cha Tatu. Nilikuwa nimeunda programu ya kuazimisha vitabu vya maktaba kwa kutumia Microsoft Access. Unaandika nambari ya mwanafunzi na ya kitabu, nayo inaweka tarehe ya kurudisha. Ijumaa inatoa orodha ya waliochelewa. Kila nikiijaribu katika maabara, inaitika. Basi nikajiona fundi, nikawa natembea kifua mbele.

Tarakilishi ya maktaba haikuwa na Access kamili. Iliwekewa Access Runtime, ambayo Microsoft huitoa bure. Hiyo rantaimu hukuruhusu kutumia programu iliyokwisha kuundwa, si kuiunda wala kuibadilisha. Ile orodha ya majedwali na fomu iliyo upande wa kushoto hufichwa, na vitufe vya siri ambavyo sisi wajuaji huvitumia havifanyi kazi. Haya yote niliyasikia darasani, yakaingia sikio hili yakatokea lile.

Siku ya kuionyesha ikafika. Nikaifungua. Lahaula! Skrini tupu! Sikuwa nimeiagiza programu ianze na fomu gani, kwa sababu mimi nilizoea kuichagua fomu kutoka kwenye ile orodha ya kushoto. Sasa orodha haipo.

"Kijana, hivyo vitabu viko wapi?" mkutubi akauliza.

"Subiri kidogo, mwalimu."

Nikakimbia maabara, nikarekebisha, nikarudi nikihema. Mara hii fomu ikaonekana. Mkutubi akabonyeza "Azimisha" kabla ya kuandika nambari ya mwanafunzi. Ukatokea ujumbe wa Kiingereza kwamba programu imesimama, kisha kila kitu kikafungika. Yaani pu! Kwenye Access kamili, kosa kama hilo hunipa nafasi ya kuingia ndani ya msimbo na kulitengeneza. Kwenye rantaimu, kosa ambalo hukulipangia njia huifunga programu yote. Wanafunzi wa Kidato cha Kwanza wakaangua kicheko. Mkutubi akavuta daftari lake kuukuu, akaendelea kuandika kwa kalamu. Wacha tu! Jasho jembamba lilinitoka.

Mwalimu wetu wa kompyuta hakunigombeza. Alinionyesha jambo dogo sana. Faili ya Access ina jina linaloishia na accdb. Tengeneza nakala yake, ubadilishe mwisho huo uwe accdr, kisha uifungue. Hata kwenye tarakilishi yenye Access kamili, itafunguka kama iko kwenye rantaimu. Ningalifanya hivyo mapema, aibu ile ningaliimeza peke yangu maabarani. Akanionya pia nisidhani hilo ni kufuli, kwa maana mtu akilirudisha jina la zamani, mlango u wazi.

Nikaanza upya. Nilitia kitufe cha kila kazi, pamoja na ile orodha ya Ijumaa ambayo nilikuwa nimeisahau. Kila sehemu ya msimbo nikaipangia njia ya kufuata kosa likitokea. Halafu nikamwita kijana mmoja wa Kidato cha Kwanza, nikamwambia, "Haribu unavyotaka." Pale pa tarehe akaandika "kesho". Ujumbe wa Kiingereza ukatokea, naye akanigeukia: "Kaka, sasa nifanye nini?" Swali hilo lilinifaa kuliko sifa zote. Nikauondoa ujumbe ule, nikaandika wangu kwa Kiswahili: "Tafadhali andika siku, mwezi na mwaka."

Wiki mbili baadaye mkutubi aliniita. Nilienda moyo ukinidunda. Kumbe daftari kuukuu lilikuwa limefungwa, naye alitaka kujua jinsi ya kuongeza vitabu vipya!

Wenzangu, aliyejenga nyumba hujua kila mlango wake hata gizani. Mgeni hana macho hayo. Kabla ya kujisifu, iingie kazi yako kwa mlango ambao mgeni atautumia, bila funguo zako. Usipouona upungufu wako mapema, kuna watakaouona, nao watacheka.