Safari ya Kwanza Ndani ya Msaada wa Vim

Kompyuta aliyoniachia mpwa wangu haikuwa na Word. Alikuwa ameiwekea Linux, na kwa kuwa mashine yenyewe ilikuwa ya zamani na kumbukumbu yake haba, maandishi yake yote aliyafanya kwa Vim, kihariri matini kisicho na vitufe vya kubofya juu ya skrini. Alinionyesha mambo machache: bonyeza i uandike, bonyeza Esc ukimaliza, andika :w uhifadhi, andika :q utoke.

"Ukikwama, Mjomba, andika :help," akaniambia, kisha akapanda basi kurudi Mwanza.

Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, nje kidogo ya mji wa Bukoba. Muhtasari wa kikao ulikuwa unanisubiri, mvua za vuli zilikuwa zimeanza, bando limekwisha, na hata ningelinunua jingine, mtandao siku zile ulikuwa unakuja na kupotea. Nikaandika :help.

Skrini ikagawanyika sehemu mbili, maelezo juu, muhtasari wangu chini. Mistari ya mwanzo ilieleza jinsi ya kutembea ndani ya ukurasa, jinsi ya kulifunga dirisha lile na jinsi ya kutoka kabisa kwenye programu. Utaratibu huo niliupenda papo hapo. Mwenyeji mwema humwonyesha mgeni mlango kabla ya kumtembeza vyumbani.

Baada ya hapo ndipo nilipogundua kuwa ukurasa ule una njia zake. Baadhi ya maneno yamewekwa katikati ya vistari viwili vya wima. Ukipeleka kishale juu ya neno la namna hiyo, ukashika Ctrl na kubonyeza ], unarushwa moja kwa moja hadi mahali neno hilo linapofafanuliwa, na huko unalikuta limezungushiwa vinyota. Ctrl pamoja na T inakurudisha ulikotoka. Ukiwa umeruka mara nyingi, kutoka ukurasa hadi ukurasa, inakurudisha hatua kwa hatua kwa njia ileile uliyopita. Niliruka hovyo makusudi, nikaingia kwenye sura nisizoelewa hata kichwa chake, nikarudi bila kupotea. Ujasiri wangu wote wa baadaye ulianzia hapo.

Maelezo yenyewe yako kwa Kiingereza. Vim inaruhusu faili za msaada za lugha nyingine, na Wajapani na Waitaliano wamekwisha kutafsiri zao. Sisi tunaosoma kwa Kiswahili bado tunategemea Kiingereza cha shule na kamusi pembeni. Hata hivyo sentensi zake ni fupi na hazina majivuno, na kila amri ina mfano wake.

Ukurasa uleule wa kwanza una jedwali dogo ambalo ningemshauri kila mgeni alisome taratibu. Linafundisha namna ya kuuliza. Katika Vim herufi moja hufanya kazi tofauti kutegemea hali uliyomo, kwa hiyo swali lazima litaje hali hiyo. Chukua herufi u. Nikiandika :help u, najibiwa kwamba u hufuta badiliko la mwisho na kurudisha maandishi yalivyokuwa. Nikiandika :help v_u, yaani u wakati nimekwisha kuchagua kipande cha maandishi, najibiwa kwamba hugeuza herufi kubwa kuwa ndogo. Amri zinazoanza na nukta mbili huulizwa pamoja na nukta mbili zake, kama :help :quit. Majina ya mipangilio huwekwa ndani ya alama moja moja za nukuu. Chaguo za kuanzishia programu hutanguliwa na kistari, na mfano uliotolewa kwenye jedwali ni :help -r. Huo niliupita bila kuujali.

Na usipojua jina la kitu? Unaandika mwanzo wa neno unalodhani linahusika, unashika Ctrl na D, na orodha ya mada zote zinazofanana nalo inamwagika chini ya skrini. Hiyo ningeijua mapema ingeniokolea muda mwingi. Kuna pia :helpgrep, ambayo hupekua faili zote za msaada kutafuta neno lolote, na :cn hukupeleka kwenye tokeo linalofuata. Yote haya bila intaneti.

Umeme ulikatika nikiwa katikati ya ajenda ya pembejeo. Betri ya kompyuta ile ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo skrini ilizimika palepale, na aya kadhaa nilikuwa sijazihifadhi. Uliporudi usiku nikafungua faili langu, na Vim haikunionyesha muhtasari. Ilinionyesha onyo refu lenye namba E325 na neno la tahadhari kwa herufi kubwa, likitaja faili nisilolijua, .kikao.txt.swp, na chini kabisa likinitaka nichague: kusoma tu, kuhariri hivyohivyo, kuokoa, kufuta au kuacha.

Mtu ambaye hajazoea angebonyeza chochote ili onyo liondoke. Lakini nilikuwa nimekwisha kusoma kwamba kila namba ya kosa ndani ya Vim ni mada inayoweza kuulizwa. Nikachagua kuacha, nikafungua Vim tupu bila faili, nikaandika :help E325.

Jibu lilikuwa la kina, na lilikuwa la mtu anayejua kuwa msomaji wake ana hofu. Wakati unaandika, Vim huweka kumbukumbu ya mabadiliko kwenye faili la pembeni. Kwa kawaida huliandika diskini kila baada ya herufi 200, au ukitulia kwa sekunde 4. Kompyuta ikizimika ghafla, faili hilo hubaki. Kwa hiyo onyo lina maana mojawapo kati ya mbili: ama faili lako limefunguliwa mahali pengine sasa hivi, na ukilihariri utakuwa na nakala mbili zinazogongana, ama kazi yako ilikatishwa, na bado inaweza kuokolewa. Maelezo yanakuonyesha namna ya kutofautisha: tazama tarehe, tazama kama kuna mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa, tazama kama programu iliyolifungua bado inaendelea. Kisha yanakuelekeza kwenye ile -r ya jedwali, ambayo kazi yake ni kuokoa. Nikatoka, nikaandika vim -r kikao.txt, na aya zangu zikarudi, isipokuwa maneno machache ya mwisho. Nikahifadhi kwa jina jingine kama nilivyoshauriwa, nikalinganisha, kisha nikafuta lile faili la pembeni.

Naona kila programu inayoletwa kwetu, ya zahanati, ya ushirika, ya ofisi ya kata, ilipaswa kujieleza hivi yenyewe ndani ya mashine, kwa sababu kosa hutokea hapo, mara nyingi mtandao ukiwa haupo na mtaalamu yuko mbali.

Ile Vim tupu niliyoifungua usiku ule ilikuwa na jambo jingine. Ukiifungua bila faili, katikati ya skrini yanatokea maandishi machache ya kukaribisha: jina, toleo, na jina la Bram Moolenaar. Chini yake palikuwa na mwito wa kuwasaidia watoto maskini wa Uganda, na maelekezo ya kuandika :help iccf. Muhtasari ulipokuwa salama, nilirudi nikaandika.

Moolenaar alikuwa Mholanzi. Alianza kuisambaza Vim mwaka 1991, kwa ajili ya kompyuta za Amiga. Mwaka 1994 alikaa karibu mwaka mzima Kibaale, kijiji cha kusini mwa Uganda katika wilaya ya Rakai, akijitolea kwenye kituo cha watoto, akishughulikia maji na usafi wa mazingira. Aliporudi kwao alianzisha mfuko wa kukichangia kituo hicho, na akaitangaza Vim kuwa programu ya hisani: itumie na uinakili upendavyo, ila unahimizwa kuwachangia watoto wale. Ukurasa unasema wilaya ile ilikuwa na watu 350,000, na watoto wapatao 60,000 walikuwa wamefiwa na mzazi mmoja au wote wawili kwa UKIMWI.

Rakai iko ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, jirani yetu kabisa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu Kagera mwaka 1983, na kabla ugonjwa haujapata jina la kitaalamu vijijini uliitwa Juliana. Wanachama wetu kadhaa walilelewa na bibi zao, na mashamba wanayovuna leo waliyapokea wakiwa watoto. Sikutarajia kuwakuta ndani ya maelezo ya programu ya kompyuta. Nilisoma ukurasa wote, nikausoma tena.

Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023. Vim inaendelezwa na wengine, na toleo la 9.1, lililotoka Januari 2024, limetolewa kwa kumbukumbu yake.

Nilibakiwa na orodha ya wakulima, ambayo mwenyekiti aliitaka ipangwe kwa kilo, aliyeleta nyingi akiwa juu. Nikaandika :help :sort. Chaguo n hupanga kwa namba ya kwanza iliyo kwenye mstari, na alama ya mshangao hugeuza mpangilio. Kila mstari wangu ulianza na namba ya uanachama, kisha jina, kisha kilo, kwa hiyo amri hiyo peke yake ingewapanga kwa uanachama. Mistari michache chini yake palielezwa kuwa unaweza kutaja sehemu ya kurukwa. Nikaichagua orodha, nikaandika :sort! n /^\d\+/, ambayo huruka tarakimu za mwanzo wa mstari, na wakulima wakajipanga kwa kilo. Nikahifadhi, nikaipeleka stendi ikachapishwe kwa ajili ya kikao cha Jumamosi.