Breki za Kanta ya Mzee

Wasee, hii posti si ya kuchekesha. Mkitaka ile video yangu na makanga wa Rongai, shukeni chini huko, bado iko.

Mzee wangu ana kanta. Namba yake inaanza na KAH, kwa hivyo imenizidi umri, na ukimuuliza mathe atakwambia imenizidi hata kupendwa. Ndiyo ilinilipia fii mpaka mwaka wa pili chuoni, kabla niache. Kwa nini niliacha nilishaeleza na mkanichambua vya kutosha. Cha maana ni kwamba tangu siku hiyo mimi na mzee tulikuwa tunaongea kama majirani wa ploti: habari, salama, maji yamerudi?

Mwezi wa nane nikamwomba nipande naye mpaka Narok nirekodi maisha ya madereva wa lori. Alikubali, nadhani kwa sababu taniboi wake alikuwa ameenda matanga kwao na alihitaji mtu wa kulinda mzigo. Kwenda tulibeba saruji. Kurudi tungebeba viazi.

Kama hujawahi kushuka barabara ya zamani ya Mai Mahiu ukiwa na mzigo, wacha nikueleze. Ilichongwa kwa ukuta wa Bonde la Ufa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na kile kikanisa walichojenga bado kiko kando ya barabara. Watalii husimama wapige picha. Dereva wa lori haoni bonde wala kanisa, anaona tu matako ya lori lililo mbele yake.

Mzee alishuka na gia ya tatu, mguu ukiwa umelala kwa breki. Mimi nimeshika simu, naona goti lake linanyooka. Polepole, kama mtu mguu wake unazama kwa matope. Akainua, akakanyaga mara mbili haraka, pedali ikarudi juu. Akakanyaga akashikilia. Ikazama tena. Hakusema kitu. Akaingiza gia ya pili, injini ikalia kama kitu kinachinjwa, tukashuka hivyo mpaka mahali penye upana. Akavuta hendibreki akaniambia, "Mami, shuka uweke jiwe." Jiwe nililipata, lakini mikono ilikuwa inatetemeka hadi nikajiangushia kwa kidole cha mguu.

Fundi tuliyempata huko chini alifunua boneti ya kanta, namaanisha aliinua kebini (kanta haina boneti, nilijua siku hiyo), akaangalia mafuta ya breki, akasema ni upepo. Akatoa upepo magurudumu yote manne, akajaza mafuta, akachukua pesa yake. Pedali ikawa ngumu kama mpya. Tukaenda Narok tukarudi salama.

Siku tatu baadaye, kwa foleni ya taa hapa Nairobi, ikaanza tena. Mzee akapampu mara mbili, gari likashika, akasema, "Hii gari naijua." Nikamjibu vibaya. Sirudii hapa nilichosema, lakini kilihusu jeneza.

Usiku sikulala. Na kitu kilichonijia kichwani si kitu cha chuo, ni Fizikia ya Fomu Wani. Ile mada ya kani-eneo yenye mchoro wa breki: unasukuma pistoni ndogo huku, mafuta yanasukuma pistoni kubwa kule kwa gurudumu, kwa sababu mafuta hayabanwi. Hewa ndiyo inabanwa. Tulichora huo mchoro mpaka tukauchukia. Sasa nikajiuliza: kama mafuta hayabanwi, na pedali inazama, hayo mafuta yanaenda wapi?

Asubuhi nikaanza kukagua kabla mzee aamke. Kama ni upepo, pedali huwa laini tangu mwanzo, kama kukanyaga godoro. Yetu ilianza ngumu. Kama breki shuu zimeisha au hazijakazwa, pedali huwa chini, lakini ukipampu inapanda na ukiishikilia inabaki hapo juu. Yetu haikubaki. Kama mafuta yanavuja nje, kile kichupa chake kingepungua. Nilikuwa nimekipiga alama na kalamu siku iliyotangulia, na mafuta yalikuwa pale pale kwa alama. Nikalala chini na tochi, nikapapasa ndani ya kila gurudumu na nyuma ya masta pale inapokutana na busta. Vumbi kavu kila mahali.

Nikawasha injini, nikakanyaga breki kwa nguvu ya kawaida, nikahesabu hadi thelathini. Kufika ishirini mguu ulikuwa umegusa sakafu.

Kwa hivyo mafuta hayakuwa yanatoka. Yalikuwa yanapita ndani. Masta silinda ina raba zinazoziba pistoni, na zikichakaa, mafuta yanateleza nyuma ya raba badala ya kwenda kwa magurudumu. Ukikanyaga haraka, raba inajifungua na kuziba. Ukikanyaga pole na kushikilia, yanateleza. Na wewe ukishuka Mai Mahiu unakanyaga vipi? Pole, na unashikilia. Mnanipata?

Hapo ndipo kwenye habari huniudhi. Kila ajali ya lori tunaambiwa breki zilifeli, kama breki ni mtu aliamka akakataa kazi. Hii yetu ilikuwa inaongea wiki nzima na ilijibiwa kwa kupampu. Na wale wanaoweka fri kwenye mteremko kuokoa dizeli, kama wale wa Salgaa tulivyozoea kusikia, wanaondoa injini kwa kazi halafu wanaachia breki mzigo wote. Breki ikipata moto sana, mafuta yake yanaweza kuchemka. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hustahimili hadi 205°C, lakini yanavuta unyevu, na yakishavuta maji ya kutosha yanachemka kwa 140°C. Yakichemka unapata mvuke, na mvuke unabanwa kama hewa. Fizikia ni ile ile ya Fomu Wani.

Nikamwamsha mzee, nikamwambia akanyage ahesabu. Alifika kumi na nane. Akanyamaza, halafu akasema atanunua kiti ya raba, mia nane. Tukaenda Grogan kwa fundi anayemwamini, akafungua masta, akatuonyesha ndani kwa tochi. Kuta zilikuwa na mikwaruzo unaweza kuisikia na ukucha. Raba mpya zingekatwakatwa hapo ndani kabla Krismasi. Masta mpya, elfu tisa na mia tano. Mzee akaanza kuangalia juu ya paa, vile huangalia akiwa hana pesa.

Nilikuwa na elfu kumi na mbili ya tangazo la mafuta ya nywele. Ilikuwa ya simu, na mnajua kamera yangu ilivyo. Nikalipa. Hakusema asante, na sikutaka aseme, tungeona haya wote wawili.

Fundi aliijaza mafuta na kuipampu masta mezani kwanza kabla kuifunga, ili isiingie na upepo wake. Kutoa upepo tukafanya wenyewe nyumbani. Tulianza gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na masta. Mimi kwa kiti cha dereva, yeye chini na spana na neli ndani ya chupa ya soda.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia. Usiachilie mpaka niseme."

Ukiachilia kabla afunge skurubu, unavuta upepo ndani upya. Nilishikilia mpaka paja likawaka moto. Magurudumu manne, saa moja na nusu, na huo ndio muda mrefu zaidi tumewahi kuongea tangu niache chuo, ingawa ni maneno matatu yale yale.

Wiki mbili baadaye tulibeba saruji tena. Pale juu kabla ya mteremko kuanza, mzee akasimamisha gari kando, injini ikinguruma, akakanyaga breki.

"Hesabu," akaniambia.

Nikahesabu hadi thelathini. Goti lake halikusonga.

"Haya," akasema akiingiza gia ya pili. "Toa basi hiyo simu, si ulitaka kurekodi."